Choroko, maharage, kunde au mbaazi: upike ipi usiku huu, na mboga gani ya msimu

Mdogo wangu kahamia Tabata mwaka huu, chumba na sebule, jiko la gesi lenye mtungi mdogo wa kilo 6, na kila jioni ananipigia akiwa ndani ya daladala, dada leo nipike nini. Nyama kaacha mwenyewe toka Kwaresima, na chipsi kila siku hataki. Mi kwangu siku nyingi za wiki tunakula bila nyama, huu mwaka wa kumi na zaidi, kwahiyo nikaona niyaandike yote mara moja. Sio kwa ajili yake tu, maana najua mko wengi mnaofika nyumbani saa moja na nusu usiku mmechoka, unaangalia kopo la maharage makavu kabatini, unapiga hesabu ya muda, afu unaishia kukaanga mayai.

Kama una haraka, jibu langu hili hapa. Umefika usiku na hujaloweka kitu, pika choroko. Uliloweka asubuhi kabla ya kutoka, pika kunde, au maharage kama una presha kuka. Mwezi wa sita mpaka wa nane mbaazi mbichi zikiwa sokoni, acha vyote upike mbaazi. Jumapili uko nyumbani tangu mchana, maharage ya nazi au makande, na upike mengi. Sababu zake ndo hizi zinazofuata na nakushauri uzisome, maana ukijua sababu hata siku ukikosa kitu kimoja utajua uweke nini badala yake.

Kabla ya yote, mboga. Hapa ndo wengi tunakosea, tunaanza na maharage afu ndo tunatafuta mboga ya kuweka pembeni. Mi napita gengeni kwanza naangalia kilichojaa, kwasababu kilichojaa ndo rahisi na ndo kimevunwa karibuni, hakijalala siku tatu kimefunikwa gunia la maji. Masika yakishika, Machi mpaka Mei, unakuta majani ya kunde, majani ya maboga, matembele, mlenda, mnavu, mafungu makubwa kwa hela ileile, lakini nyanya zinapanda mpaka unazihesabu moja moja, maana mvua nyingi inaziharibu huko shambani. Mvua ikizidi kabisa mabonde yakajaa maji hata mchicha unaadimika, ila haukawii kurudi kwasababu mchicha kutoka kupanda mpaka kung'oa ni kama wiki 3 au 4 tu. Mwezi wa sita na wa saba yanaingia maboga, mbaazi mbichi na maharage mapya kutoka Mbeya na nyanda za juu kusini kule. Kiangazi kikikaza nyanya za Iringa zinashuka, zile za Ilula zinazopangwa barabarani kwenye ndoo, na hapo ndo unapika rosti yoyote unayotaka. Bamia, bilinganya na nyanya chungu ziko karibu mwaka mzima kwahiyo hizo ni za kukuokoa. Kwahiyo chakula kinachotaka nyanya sita usikipange Aprili, na majani ya maboga usiyatafute Septemba ukalipa hela nyingi kwa fungu la majani matatu yaliyonyauka.

Na neno moja kuhusu majina, maana nimeona watu wanachanganyikiwa wakifuata mapishi ya ndugu zetu wa Kenya. Wakisema ndengu wanamaanisha zile ndogo za kijani, ambazo sisi Tanzania tunaita choroko. Dengu zetu sisi ni zile kubwa zenye kama kidomo pembeni. Ni vitu viwili tofauti na muda wake wa kuiva ni tofauti kabisa, ukichanganya utakaa jikoni mpaka saa nne usiku.

Choroko na maharage, hizi ndo mbili zinazogombana kila siku

Nianze na choroko kwasababu kwa siku ya kazi naiweka namba moja bila kusita. Haihitaji kulowekwa. Unachagua mawe (chagua kweli, choroko ina vijiwe vidogo vya rangi ileile, jino langu la nyuma linajua hili), unaosha, unaweka maji mara tatu ya choroko, unafunika, dakika 35 mpaka 45 kwenye gesi imeiva. Wakati inachemka we unaenda kuoga, unarudi unakatakata kitunguu na nyanya, na wali uko kwenye jiko la pili au kwenye raisi kuka kama unayo. Ukiwa uliloweka asubuhi hata nusu saa haifiki. Hakuna nafaka nyingine ya jamii hii kwenye kabati langu inayonipa chakula cha moto kwa muda huo, labda adesi nyekundu ambazo zinaiva ndani ya dakika 20 ila hizo sio kila genge lina.

Upande wa mboga choroko haichagui rafiki. Mi napenda sana choroko na nyanya chungu, unazikata mara mbili unazitumbukiza choroko ikiwa imebakiza kama dakika 15, zinaiva humohumo na ule uchungu wake kidogo unakata uzito wa choroko. Choroko na bamia pia, ila bamia weka mwishoni kabisa dakika 5 na usikoroge sana kama hupendi mrenda. Wakati wa mvua natia matembele yaliyokatwa, yananywea yote, fungu zima linakua kama vijiko vinne, kwahiyo usiogope wingi. Kuunga ni kawaida tu, kitunguu kikaangwe mpaka kiwe na rangi, kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba nusu kijiko, nyanya mbili, chumvi, mwishoni ndimu. Nazi ukitaka, bila nazi pia inaliwa vizuri tu, na hii ni faida kubwa ya choroko, maharage bila nazi na bila nyanya ya kutosha yanakua na upweke fulani.

Ubaya wake. Choroko haisubiri. Ikizidi dakika 10 tu inapasuka inakua uji, kuna wanaopenda hivyo wakala na chapati, Wakenya wengi wanaipenda ikiwa nzito nzito, ila kama unataka punje zionekane inabidi usiiache ukaenda kuangalia tamthilia. Na kesho yake inaganda inakua kama tope, inabidi uilegeze na maji ya moto na uunge upya kidogo. Kwahiyo sio chakula cha kupika kingi ukakihesabia siku tatu.

Sasa maharage ni kinyume chake kabisa. Yanachelewa, yanakula gesi, yanataka upange tangu jana, lakini yakishaiva yanakutumikia wiki nzima. Kilo moja ya maharage makavu ikiiva inakua zaidi ya kilo mbili. Mi Jumapili nachemsha kilo nzima bila kuunga, chumvi kidogo tu, nagawa kwenye vifuko vitano naweka friza, na hapo ndo siri yote ya watu wanaokula maharage siku za kazi bila kukesha. Ukitoa kifuko asubuhi kikayeyuka kwenye friji, jioni kuunga ni dakika 20. Ila kama huna friji usijaribu, maharage yaliyochemshwa kwa joto la Dar yakilala nje asubuhi yamechacha, yana povu, na hata ukiyachemsha tena usiyale, mwaga.

Kwenye kununua angalia sana umri kuliko jina. Kati ya aina za maharage, soya njano ni matamu na yana mchuzi mzito, Jesca yanapendwa sana, Kenya wana rosekoko zao, yote mazuri, lakini maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu yanakua sugu, unachemsha masaa matatu ngozi imelainika katikati bado kama jiwe. Ishanitokea na wageni wako sebuleni wanasubiri. Tokea siku hiyo namuuliza muuzaji wazi kabisa haya ni ya msimu huu au ya mwaka jana, na nachukua robo kilo kwanza nijaribu kabla sijanunua sado nzima. Mapya yana mng'ao, rangi yake ni nyepesi, ya zamani yamefifia na kuwa meusi meusi.

Kuloweka, loweka usiku, maji yawe mara tatu, asubuhi mwaga hayo maji uweke mengine. Kuna sukari fulani kwenye maharage ambazo tumbo letu haliwezi kuzimeng'enya, zinafika utumbo mpana bakteria wanazila na kutoa gesi, ndo kule tumbo kujaa na kuunguruma watu wanakolalamikia, na zingine zinatoka na yale maji ya kulowekea ndo maana nasema yamwage. Magadi mi siweki. Yanalainisha kweli na yanawahisha, ila yanapunguza vitamini B na mkono ukizidi kidogo chakula chote kina ladha ya sabuni. Na jambo ambalo nimeona jikoni kwa watu wengi sana, wanaweka nyanya na ndimu mwanzoni maharage yakiwa bado magumu wakidhani yatashika ladha. Uchachu unachelewesha maharage kulainika. Subiri yaive kabisa kwanza ndo uweke nyanya, ukwaju, ndimu, chochote kichachu, utaona tofauti ya nusu saa nzima.

Halafu hili ni la usalama sio la ladha. Maharage mekundu yasipoiva yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na inaondoka kwa kuchemka kwa nguvu angalau dakika 10, sio kwa kupashwa moto wa taratibu. Wale mnaotumia lile kapu la kupikia lililojazwa nguo na mablanketi ndani, ni zuri sana linaokoa mkaa, lakini chemsha kwanza yatokote kweli kweli dakika 15 au 20 ndo uyahamishie kwenye kapu. Usiyahamishe yakiwa vuguvugu.

Kuyaunga, maharage ya nazi na mchicha ndo chakula changu cha moyoni. Nazi moja kubwa ukiikuna kwenye mbuzi unatoa tui zito pembeni na tui jepesi pembeni. Maharage yaliyoiva yaweke na tui jepesi, kitunguu, karoti, hoho, manjano kidogo, yachemke mpaka mchuzi uanze kushika, afu mimina tui zito na hapo usitoke, koroga taratibu mpaka lichemke lisije likakatika. Mchicha ukate mwishoni kabisa uutie juu, dakika 3, zima. Usiupike mchicha dakika 20 ukawa wa kahawia jamani, mchicha mzuri ni ule bado kijani. Kwa wali hakuna kitu kama hiki, na kwa ugali pia. Tui la paketi linafanya kazi siku za haraka, mi nalichanganya na maji kidogo maana ni zito sana, ila nikiwa na muda nakuna.

Kwa gesi, ukiwa na mtungi wa kilo 6 kama mdogo wangu, hii tofauti utaihisi mfukoni. Maharage bila kuloweka ni masaa mawili ya moto na zaidi, yaliyolowekwa ni saa moja mpaka saa moja na nusu, kwenye presha kuka yaliyolowekwa ni kama dakika 20 toka ianze kupiga mluzi. Choroko ni zile dakika 40. Mimi nilipoacha tabia ya kuchemsha maharage bila kuloweka mtungi ulianza kunifikisha karibu wiki nzima mbele ya pale ulipokua unaishia. Presha kuka ni hela nyingi mara moja lakini kama we ni mtu wa maharage inunue kabla hata ya blenda. Na kama una jiko la mkaa, maharage yaweke kwenye moto unaokufa baada ya kupika kitu kingine, yataivia hapo taratibu bila mkaa wa ziada, ila kumbuka ile habari ya kutokota kwanza.

Kunde, za kila mtu na hazisifiwi inavyostahili

Kunde inakaa katikati ya hizo mbili. Bila kuloweka ni kama saa moja, ukiloweka asubuhi jioni ni dakika 40. Kwenye genge langu mara nyingi ndo bei ya chini kuliko maharage, na ni zao linalovumilia ukame kwahiyo hata mwaka mbaya halipotei sokoni. Kinachonifanya niipende ni kwamba mmea mmoja unakupa vyote viwili, punje na majani. Wakati wa mvua nachukua fungu la majani machanga ya kunde nayachambua, nayachemsha kidogo, nayatia kwenye kunde zilizoiva na karanga zilizosagwa vijiko vitatu na nyanya moja. Unaona hapo hakuna nazi, hakuna mafuta mengi, na ladha iko nzito imetulia, hiyo ni ugali tu, wali hauwezi.

Juni na Julai nabadilisha, kunde na boga. Boga la njano limenywe, likatwe vipande vya vidole viwili, litiwe kunde zikiwa zimeiva, na tui kidogo na pilipili mbuzi moja nzima bila kupasua. Boga linalainika linashika mchuzi lenyewe, utamu wake na uzito wa kunde vinakaa pamoja vizuri sana, na watoto wanakula bila kubembelezwa. Ukiwa na kiazi kitamu badala ya boga pia inakubali.

Na kuna kisamvu cha kunde, kule kwetu Pangani bibi alikua anakipika cha nazi na kunde ndani. Sikiweki kwenye orodha ya siku za kazi kwasababu majani ya muhogo lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu, sio kwa ladha tu, yakiwa mabichi yana sumu. Lakini sokoni wanauza kilichotwangwa tayari, ukinunua Jumamosi ukakichemsha ukakigandisha, basi siku ya kazi unaunganisha tu na kunde na tui na unakula chakula cha pwani kama uko kwenu.

Shida ya kunde ni rangi yake, mchuzi unakua mweusi mweusi hauvutii kwa mgeni, na ukiacha kumwaga maji ya kwanza kuna ka-harufu ka udongo. Chemsha dakika 10 ya kwanza mwaga, weka maji mapya ya moto. Hapo imeisha.

Mbaazi, ila zikiwa mbichi

Hapa nazungumzia mbaazi mbichi za kijani kwenye maganda yake. Zinaingia sokoni kama mwezi wa sita hivi na kufika wa nane au wa tisa zimekauka, na hizo wiki chache mi sipiki kitu kingine. Kazi ni kumenya, nakubali, sahani moja ya mbaazi zilizomenywa ni nusu saa ya vidole, lakini sokoni wakinamama wanauza zilizomenywa tayari kwa kikombe, lipa hiyo tofauti, inastahili. Zikishamenywa ni dakika 25 mpaka 30 zimeiva, hakuna kuloweka, karibu sawa na choroko kwa muda na kwa ladha ziko mbali sana mbele. Tui la nazi, kitunguu, pilipili, chumvi, basi. Usizijaze bizari, zinapoteza ule utamu wa ubichi. Kama unataka mboga ndani weka bilinganya iliyokaangwa kidogo pembeni kwanza, au mchicha mwishoni.

Mbaazi kavu ni habari nyingine, zinataka kulowekwa usiku kucha na bado ni saa moja na zaidi. Mombasa, Tanga na Unguja mbaazi za nazi na mahamri ni chakula cha asubuhi na watu wa huko wanajua kuzipika kuliko mtu yeyote, mi nazila usiku na mkate wa kumimina au chapati na sijawahi kujuta. Ila kwa mtu anayerudi usiku kavu zisubiri wikiendi.

Nikizungumzia mbaazi huwa nakumbuka 2017. Wakulima wetu wengi wa Lindi, Mtwara na Manyara walikua wanalima kwa ajili ya kuuza India, mwezi wa nane mwaka huo India ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini kwao, na bei huku ikaanguka vibaya sana mpaka watu wakabaki na magunia ndani. Na sisi mijini tulikua bado tunaona mbaazi kama kitu cha futari tu. Tukizila wenyewe mara mbili kwa wiki mkulima anakua na soko la pili hapahapa, hilo naliamini kabisa na ndo maana kila msimu nawasumbua majirani wajaribu.

Dengu na makande, haraka haraka

Dengu nazipenda ila kwa mtu anayeanza sio za kwanza kununua. Zinalimwa sana Shinyanga, Simiyu na Mwanza kwenye udongo mweusi mvua zikiisha, ni nzuri, zinakaa kwenye mchuzi bila kupondeka hata siku ya pili. Lakini bila kuloweka hazikubali kabisa, na hata zikilowekwa ni saa moja na nusu kama huna presha kuka. Zinapopanda daraja ni kiangazi nyanya zikiwa rahisi, dengu na bilinganya na nyanya nyingi, ukwaju kidogo, dania juu, chapati pembeni. Zile zilizoparazwa zinaiva dakika 40 hazina taabu, nunua hizo kama unataka ladha bila mateso.

Makande ni ya mama mkwe wangu, mtu wa Same, na Wapare kwa makande hawana mpinzani. Mahindi yaliyokobolewa na maharage vyote vimelowekwa usiku, vinachemka pamoja masaa mawili kwenye mkaa, afu unaunga na kitunguu, nyanya, karoti, na majani yoyote ya msimu, yeye anapenda kutia mnavu mwishoni. Kenya wana githeri yao ya mtindo huohuo, na Wakamba wana muthokoi. Faida moja kubwa, hapo hupiki wali wala ugali, kila kitu kiko sufuria moja, na mahindi na maharage vikiliwa pamoja protini zake zinakamilishana, kile ambacho mahindi yamepungukiwa maharage yanacho. Wiki ya mvua wakati mahindi mabichi yameingia mjini pukusua hayo badala ya makavu, yanaiva haraka sana, hata jioni ya kazi unaweza kama maharage yako yako tayari friza. Kiporo chake asubuhi, ukikikaanga kidogo na kitunguu, ni bora kuliko chakula chenyewe cha jana usiku.

Kwa lishe sitaki mtu achague kwa wasiwasi, hizi zote zikiwa kavu zina protini kama gramu 20 mpaka 24 kwenye gramu 100, tofauti yake ni ndogo, usiache choroko ukakimbilia maharage kwa kudhani moja ni dhaifu. La kuangalia ni madini ya chuma, haswa kwa dada zetu na wajawazito. Chuma cha kwenye mimea mwili unakichukua kwa shida, ndimu juu ya chakula au kipande cha embe au chungwa baada ya kula kinasaidia sana, na chai kinyume chake, inazuia. Najua wengi tumezoea chai ya rangi palepale na chakula cha usiku, isogeze tu saa moja mbele.

Mdogo wangu ananiuliza pia kama anunue nafaka zote hizi kwa mara moja. Hapana. Kwa mtu mmoja mwenye kabati dogo, choroko kilo mbili ziwe hazikosekani, kunde kilo moja, maharage kilo moja ya kujaribu. Weka kwenye makopo yenye mfuniko unaobana maana wadudu wanaingia haraka, na kama una nafasi friza, laza hata siku tatu kabla ya kuhamishia kwenye kopo, mayai ya wadudu yanakufa. Andika tarehe kwa karatasi juu ya kopo.

Jana kanipigia yuko gengeni, kuna matembele na nyanya chungu, bamia zimeisha, na maharage aliyoloweka kasahau kuyamwaga maji asubuhi. Nikamwambia hayo maharage yaoshe uyaweke kwenye friji ya mwenye nyumba mpaka kesho, chukua matembele mafungu mawili, na ndimu usisahau. Saa mbili na nusu kanitumia picha ya sahani, choroko na wali, matembele bado ya kijani.